Bakuli lenye nyota sita: nakshi hii inaitwaje, na nani aliikata?

Swali la msomaji: "Nimerithi bakuli zito la kioo lililokatwa nakshi. Mdomo wake una upana wa sentimita 20 na kitu, ukingo una meno, ubavuni kuna nyota kubwa sita na chini kabisa kuna nyota nyingine moja. Sijaona maandishi popote. Mtu mmoja ameniambia ni Waterford, wa pili akasema ni Russian, wa tatu akasema ni kioo cha kalibu tu. Nimeambatisha picha tatu. Nakshi hii inaitwaje, na nani aliikata?"

Jibu:

Ndugu, nadhani wote watatu wamekosea, lakini kila mmoja amekosea mahali panapofaa kuchunguzwa. Kwa hiyo nitaanza nao.

Russian ni nakshi ya Kimarekani. Philip McDonald aliisajili kwa hataza mwaka 1882 kwa ajili ya kampuni ya T. G. Hawkes ya Corning, jimbo la New York. Ukishaiona mara moja huisahau: uso mzima wa chombo umejaa vifungo vidogo vidogo, kila kifungo kimezungukwa na miale ya nyota, na hakuna mahali patupu pa kupumzisha jicho. Bakuli lako lina nyota sita kubwa zilizoachana, kila moja ndani ya fremu yake. Si Russian.

Ila usiiache hadithi ya Russian haraka hivyo. Mwaka 1891, wakati wa Rais Benjamin Harrison, Ikulu ya Marekani iliagiza vyombo vya kioo vya nakshi hiyohiyo, vikiwa na nembo ya taifa. Aliyevitengeneza hakuwa Hawkes. Alikuwa C. Dorflinger & Sons wa White Mills, Pennsylvania. Hataza ilitolewa kwa upande mmoja, na chini ya miaka 10 baadaye kazi maarufu kuliko zote za nakshi hiyo ikatoka kwa mshindani. Mtu akikuambia "nakshi hii ni ya fulani, basi bakuli ni la fulani", mkumbushe hilo.

Waterford nayo hutajwa kila kioo kizito kinapowekwa mezani. Kiwanda cha kwanza cha jina hilo nchini Ireland kilifunguliwa mwaka 1783 na kufungwa 1851. Cha pili kilianza mwaka 1947, na waliokijenga upya walikuwa mafundi kutoka Czechoslovakia. Mmoja wao, Miroslav Havel, ndiye aliyebuni Lismore mwaka 1952, nakshi ambayo watu wengi huifikiria wanaposikia jina la Waterford: mikato mirefu ya wima inayosimama juu ya ukanda wa almasi. Katika picha zako sioni chochote cha namna hiyo. Vyombo vya Waterford ya sasa pia kwa kawaida huwa na muhuri mdogo wa asidi, yaani alama hafifu iliyochorwa kwa asidi, upande wa kitako. Muhuri hufifia, kwa hiyo kutouona hakumalizi hoja, lakini ukijumlisha na nakshi yenyewe, mimi Waterford naiondoa.

Sasa huyo wa tatu, wa kalibu. Huyu hakusema neno la kipuuzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Marekani vilimwaga sokoni vyombo vilivyoshindiliwa kwenye kalibu ili vifanane na vya kukatwa: Imperial walikuwa na Nucut, Cambridge walikuwa na Near-Cut, McKee walikuwa na Prescut. Mara nyingi jina hilo limo ndani ya kioo chenyewe, limeinuka kwenye kitako, na ukilikuta kazi imekwisha. Usipolikuta, tumia kidole. Pitisha ncha ya kidole taratibu juu ya kingo za mikato. Kioo kilichokatwa kwa gurudumu kina kingo kali, wakati mwingine kali kiasi cha kukukwaruza; cha kalibu kina kingo zilizolainika, kwa sababu kioo cha moto hakiingii vizuri kwenye pembe za chuma. Kisha tafuta mshono wa kalibu, mstari mwembamba ulioinuka unaopanda kutoka kitakoni hadi mdomoni. Wabunifu waliuficha ndani ya nakshi, kwa hiyo utafute kwenye meno ya ukingo, ambako ni vigumu kuuficha.

Kuna dalili nyingine ninayoiamini kuliko hizo zote, nayo ni kosa la fundi. Mkataji alishika chombo kwa mikono miwili na kukikandamiza kwenye gurudumu linalozunguka, akitazama kazi yake kupitia upande wa ndani wa kioo, maji yakimwagika muda wote. Hakuna mkono unaosimama mahali palepale mara 200 mfululizo. Kwa hiyo kwenye kazi ya kweli utaona mstari uliopitiliza kidogo mahali ulipotakiwa kuishia, mwale mmoja wa nyota ulio mnene kuliko jirani yake, almasi moja iliyobanwa kwa sababu nafasi ilikuwa ikiisha. Katika picha yako ya pili, nyota ya kushoto ina miale miwili iliyovuka mpaka wa fremu kwa unene wa unywele. Kalibu haifanyi hivyo. Kalibu ikikosea, hukosea palepale kwenye kila bakuli linalotoka.

Tahadhari moja kabla hujafurahi. Kuna vyombo vilivyozaliwa nusunusu: kioo kilipewa sehemu ya nakshi ndani ya kalibu, kisha fundi akapitisha gurudumu kwenye mistari mikuu na kuinoa. Ukigusa kingo zake utasema kimekatwa, na hutakuwa umesema uongo. Ili kukigundua, ingiza mkono ndani ya bakuli na upapase ukuta wa ndani. Ukiwa laini na ulionyooka kabisa, ni vizuri. Ukihisi mabonde mepesi yanayofuatana na nakshi ya nje, kalibu ilihusika. Jaribio hili picha haiwezi kulifanya. Ni wewe tu.

Tuje kwenye nakshi sasa, na hapa nataka twende polepole, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanatazama bakuli, jicho linanaswa na nyota, wanatafuta "nyota" kwenye mtandao, wanakutana na maelfu ya mabakuli yenye nyota. Nyota si nakshi. Nyota ni pambo, na mapambo ya kioo cha kukatwa ni machache sana. Karibu kila karakana iliyatumia yote. Nakshi ni namna mapambo hayo yalivyopangwa, na mpangilio huo hubebwa na mistari mikubwa, ile mikato mirefu yenye umbo la V inayogawa uso wa chombo. Mistari hiyo ndiyo nguzo na boriti za nyumba. Nyota na pepeo, yaani mikato iliyotanuka kutoka nukta moja kama feni ya mkono, ni vitu vilivyopangwa vyumbani baada ya nyumba kusimama.

Sisemi hivi kwa mfano tu. Ndivyo kazi ilivyofanyika. Chombo ghafi kilipofika kwenye karakana, kilichorwa kwa rangi mistari mikuu pekee. Fundi wa kwanza aliifuata mistari hiyo kwa gurudumu la chuma lililolishwa mchanga na maji, akachimba mabonde makubwa. Fundi wa pili alilainisha mabonde kwa gurudumu la jiwe na kukata mapambo madogo, mengi yake kwa kukisia kwa jicho. Mwisho mikato yote ikang'arishwa. Kilichokatwa kwanza ndicho kinachotakiwa kusomwa kwanza.

Fanya hivi. Geuza bakuli kifudifudi juu ya kitambaa cheusi, weka taa moja ubavuni, zima nyingine zote. Mikato ya kina itameta na mingine itafifia. Chukua karatasi, chora mistari hiyo mikubwa tu, bila nyota hata moja. Jiulize inaanzia wapi: inachomoza kutoka kwenye nyota ya kitako, au inakuja kutoka ukingoni? Inarudiwa mara ngapi? Imenyooka au imepinda? Inapokutana inafanya fremu ya umbo gani: almasi, duara, tao lenye ncha? Usishangae kwamba mchoro wako utakuwa na mistari kumi na kitu pekee. Huo ndio unaolinganishwa na katalogi.

Kutoka picha yako ya tatu mimi nasoma hivi: jozi sita za mistari iliyopinda zinatoka kwenye kitako, zinapishana katikati ya ubavu, na kufanya matao sita yenye ncha juu. Ndani ya kila tao kuna nyota moja. Juu ya makutano, kuelekea ukingoni, kuna upepeo. Vipande vya pembetatu vilivyobaki kati ya matao vimejazwa mistari myembamba ya kukatizana.

Neno la maana hapo ni "iliyopinda". Kwa Marekani tunajua lini mistari mikuu ilianza kupinda: mwaka 1886, John S. O'Connor alipobuni Parisian kwa ajili ya Dorflinger. Kabla ya hapo mkato wa V ulikwenda moja kwa moja, kwa sababu gurudumu lenyewe halipendi kona. Kwa hiyo hata kama bakuli lako ni la Marekani, haliwezi kuwa la kabla ya 1886. Kinyume chake hakithibitishi kitu, kwa maana mistari iliyonyooka iliendelea kukatwa miaka yote.

Ukimaliza mistari, sasa hesabu mapambo. Nyota zako ni zile ambazo wakusanyaji huziita hobista: katikati kuna kitovu kilichoinuka, na ncha zimekizunguka zikiwa zimeinuka pia, tofauti na nyota bapa ya miale inayokatwa kwenye kitako. Hesabu ncha za hobista moja ya ubavuni. Naona kama 16, ila picha imepoteza upande mmoja kwa mwanga. Angalia juu ya kitovu chake: kimeachwa kitupu, kina nyota ndogo, au kimechanjwa mistari ya kukatizana? Andika. Fanya hivyohivyo kwa nyota ya kitako, kisha hesabu mikato ya kila upepeo.

Takwimu hizo ni za kuchuja, si za kuhukumu. Nakshi moja ilikatwa kwenye gilasi, kwenye sahani, kwenye jagi na kwenye bakuli kubwa la panchi, na kila mara ilibidi inyooshwe au ibanwe. Kwenye chombo kidogo ncha 16 hugeuka 12, matao sita hugeuka manne, upepeo huachwa kabisa. Nimeona watu wakikataa jibu sahihi kwa sababu ya ncha mbili zilizopungua. Mpangilio wa mistari mikuu ndio unaostahimili mabadiliko ya ukubwa.

Mapambo mengine hayakusaidii kupata jina hata ukiyatambua vizuri. Almasi ya stroberi, ile almasi kubwa iliyojazwa vialmasi vidogo, pamoja na upepeo juu yake, ilikatwa na kila mtu, Uingereza, Ireland na Marekani. Ukanda wa vifungo vilivyopangwa kwa safu, unaoitwa Harvard, ulitumiwa na karakana nyingi mno kujazia nafasi. Pambo la kititia, lenye mbawa zilizopinda kama zinazozunguka, lina faida moja: likiwepo, unafikiria mwanzoni mwa karne ya 20 na kuendelea. Sijaliona kwako.

Muhuri hujauona, unasema. Watu wengi huutafuta chini ya kitako tu. Vyombo vya Marekani vilipigwa muhuri mara nyingi kwa ndani, katikati ya sakafu ya bakuli, au kwenye sehemu laini karibu na ukingo. Pulizia pumzi ya mdomo ili kioo kipate ukungu, kisha kiinamishe chini ya taa. Muhuri wa asidi ni hafifu kama kivuli na hutokea kwa sekunde chache tu. Libbey wa Toledo waliandika jina na upanga. Hawkes walitumia umbo la majani matatu lenye mwewe wawili. Sinclaire waliweka herufi S ndani ya shada, Egginton nyota na mwezi mwandamo. J. Hoare waliweka duara lenye jina lao, Corning na 1853, na mwaka huo umewafanya wengi kutangaza kwamba wana bakuli la 1853. Si mwaka wa kutengenezwa chombo. Upo kwenye muhuri wao hata kwa kazi za karne ya 20.

Mihuri ya asidi ilianza kuenea miaka ya 1890, na hata baada ya hapo vyombo vingi vizuri vilitoka bila chochote. Kutokuwa na muhuri, basi, si kasoro. Kuwa nao pia si kinga, kwa sababu muhuri wa asidi ni rahisi kuongezwa baadaye. Chunguza kwa lenzi kama umekaa juu ya mikwaruzo ya matumizi au mikwaruzo imepita juu yake. Muhuri wa zamani huwa umekwaruzwa. Wa juzi huwa umeifunika mikwaruzo.

Sasa niseme ninachoshuku, maana hukuniandikia ili nikuzungushe. Kuna sehemu mbili ambako bakuli kama hili linaweza kuwa limezaliwa. Ya kwanza ni Marekani kati ya miaka ya 1890 na Vita Kuu ya Kwanza, kipindi ambacho mapambo mazito ya hobista yalitawala. Hawkes walikuwa wametwaa tuzo kubwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1889, Libbey wakajenga kiwanda kizima kinachofanya kazi ndani ya maonyesho ya Chicago mwaka 1893, na kila nyumba ya uwezo ilitaka kioo cha kukatwa. Ya pili ni Bohemia, sehemu ya iliyokuwa Czechoslovakia, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko mafundi walikata kwa wingi sana nakshi zilizojaa nyota, pepeo na mistari ya kukatizana kwa ajili ya kuuza nje. Moja yake, inayojulikana kwa namba 500PK na huuzwa pia kwa jina la Queen's Lace, nadhani imepewa sifa ya Umarekani wa kale na wauzaji wengi kuliko kioo kingine chochote ninachokifahamu. Kilikatwa kwa mkono, ni kristali ya kweli, na ni kizuri. Ila si cha mwaka 1900.

Ningelazimishwa kuchagua leo kwa picha tatu, ningeegemea Bohemia. Sababu ni mbili: kitako chako kwenye picha ya kwanza ni kisafi mno kwa chombo chenye miaka zaidi ya 100, na mikato yote, mikubwa kwa midogo, inang'aa kwa kiwango kimoja. Lakini kuegemea si kuthibitisha, na kuna vipimo vya nyumbani vinavyoweza kunigeuza.

Anza na lenzi ya kukuza mara 10. Tazama ndani kabisa ya bonde la mkato mkubwa. Kabla ya kuenea kwa asidi, mikato iling'arishwa moja moja kwa gurudumu la mbao lenye unga laini, na kazi hiyo huacha mistari myembamba sana inayofuata urefu wa bonde. Ukiiona, uzito unahamia upande wa zamani. Asidi haiachi mistari. Chombo kizima huchovywa na kila kona hung'aa sawasawa, na pembe hulainika kidogo. Wamarekani wa mwisho walitumia asidi pia, kwa hiyo kukosa mistari hakukupeleki popote.

Kisha kitako. Mikwaruzo ya matumizi huelekea kila upande, mingine mirefu mingine mifupi, mingine imezeeka na kuwa ya kijivu, na hujikusanya mahali ambapo bakuli hugusa meza tu. Mikwaruzo iliyopangika upande mmoja ni ya msasa. Kitako kisicho na mikwaruzo kinaweza pia kuwa cha bakuli lililokaa kabatini maisha yake yote, kwa hiyo usikihukumu peke yake.

Pima upana kwa milimita, si kwa "na kitu". Viwanda vya Marekani vilifanya kazi kwa inchi, na bakuli la inchi 8 hutoka karibu na milimita 203. Viwanda vya Ulaya ya Kati vilifuata mfumo wa metriki. Kipimo hiki ni dhaifu, kwa sababu kioo husinyaa kikipoa na ukingo hukatwa, lakini hakigharimu kitu.

Uzito una maana zaidi ukigeuzwa kuwa densiti, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo. Pima bakuli kavu kwenye mizani. Kisha weka ndoo ya maji juu ya mizani hiyohiyo, irudishe kwenye sifuri, na uliteremshe bakuli ndani ya maji kwa kamba mpaka lizame lote bila kugusa chini wala kuta za ndoo, na bila mapovu yaliyonaswa ndani. Gramu zinazoonekana sasa ni ujazo wa kioo kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo. Tuseme bakuli ni gramu 1,800 na mizani ikasoma 600: jibu ni 3.0. Kioo cha kawaida cha soda na chokaa hutoa karibu 2.5. Kristali yenye oksidi ya risasi asilimia 24 hutoa karibu 2.9, na risasi ikizidi namba nayo hupanda. Maji yawe ya joto la chumbani. Kioo kinene kilichokatwa kwa kina hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto. Kipimo hiki hakitatenganisha Bohemia na Marekani kwa uhakika, kwa kuwa wote walitumia risasi. Kitasaidia sana kuijibu hoja ya huyo rafiki wa kalibu, kwani ile mitindo ya bei nafuu kwa kawaida haikuwa na risasi. Taa ya urujuanimno ningeiacha. Rangi inayoonekana hutegemea kemikali nyingi ndani ya kioo, na kila mtu huiona anavyotaka iwe.

Angalia pia ukingo kabla hujafungua katalogi yoyote. Mabakuli yenye meno hupata mapengo, na mapengo hurekebishwa kwa kusaga ukingo wote chini kwa milimita kadhaa. Baada ya hapo pepeo hukatwa vichwa, na nakshi haifanani tena na picha za katalogi. Kwenye bakuli lako, pepeo mbili upande wa kulia zinaonekana fupi kuliko wenzake. Inaweza kuwa ni pembe ya picha. Tazama kama meno ya upande huo ni membamba au bapa zaidi.

Ukishapata mchoro wa mistari, hesabu ya ncha na vipimo, ndipo utafute jina. Njia ya uhakika ni katalogi za kampuni zenyewe, na hazina kubwa ya hizo iko kwenye maktaba ya Rakow katika Corning Museum of Glass. American Cut Glass Association nao wanakusanya picha na majina ya nakshi za kipindi hicho. Hataza za Marekani zinasaidia pia: mbunifu aliweza kuchukua ulinzi wa miaka mitatu na nusu, saba au 14, na kila hataza ina mchoro. Tatizo ni kwamba hataza mara nyingi husema tu "usanifu wa chombo cha kioo", bila jina la biashara, na jina la biashara liko kwenye katalogi ambayo pengine imepotea. Kampuni mbili ziliweza kutumia jina moja kwa nakshi tofauti, na nakshi moja iliweza kuwa na majina mawili. Umbo la bakuli lenyewe halitakuokoa, kwa sababu karakana nyingi zilinunua vyombo ghafi kwa wengine, Dorflinger na Libbey wakiwemo, kisha zikakata nakshi zao.

Kwa hiyo nitumie: uzito mkavu na namba ya mizani bakuli likiwa ndani ya maji, upana kwa milimita katika pande mbili, hesabu ya ncha za hobista ya ubavuni na za nyota ya kitako, picha ya kitovu cha hobista kwa karibu, picha ya bakuli kifudifudi juu ya kitambaa cheusi, na mchoro wako wa mistari mikuu hata kama huoni unajua kuchora. Kuhusu ukuta wa ndani nijibu kwa neno moja: laini au una mabonde. Mpaka hapo, kama kuna mtu anataka uandike kitu kwenye orodha ya mali au ya bima, andika "bakuli la kioo lililokatwa kwa mkono, matao sita yenye hobista na pepeo, mkataji hajulikani", na uache nafasi ya jina wazi.